Meli itapanda Mfereji wa Panama na kurudi: nishuke au nibaki?

MwalimuWaKondele

Habari zenu nyote. Naandika kutoka Kisumu na swali langu ni refu kidogo, naomba mnivumilie.

Nimefundisha jiografia miaka 36, nikaanzia Nyakach nikamalizia hapa mjini. Kila nikifika kwenye usafiri wa majini nilichora Mfereji wa Panama ubaoni: ngazi tatu za kupanda (vyumba vya maji vyenye malango, vinavyoinua meli) pale Gatun upande wa Atlantiki, ziwa katikati, kisha ngazi moja ya kushuka Pedro Miguel na mbili Miraflores upande wa Pasifiki. Halafu nawauliza, meli ikitoka Atlantiki kwenda Pasifiki inaelekea wapi? Darasa zima hujibu magharibi. Nawaambia wafungue atlasi. Nchi ile imejikunja, hivyo mlango wa Atlantiki uko magharibi ya mlango wa Pasifiki, na meli inakwenda kusini-mashariki. Hapakosi mtoto wa kukataa mpaka aweke rula juu ya ramani. Nilianza kufundisha hayo nikiwa msichana wa miaka 24, na mfereji wenyewe sijauona ila kwenye picha.

Sasa binti yetu, muuguzi huko Florida, na mume wake wametulipia safari ya meli ya kitalii mimi na mzee wangu, siku 11, mwezi wa pili mwakani. Meli inatoka Florida, inafika Cartagena kule Colombia, inaingia Panama, inapita Puerto Limón ya Costa Rica, inarudi. Chumba na chakula vimelipwa. Matembezi ya nchi kavu ni juu yetu, na tumeweka kando shilingi 120,000 kutoka kwenye chama.

Tatizo ni siku ya mfereji yenyewe. Meli yetu haivuki mpaka Pasifiki. Inaingia Gatun alfajiri, inapanda ngazi tatu, inageukia ziwani, inashuka ngazi zile zile, na jioni inafunga gati Colón. Walioandikisha matembezi wanateremshwa kwa mashua katikati ya ziwa, wanazungushwa nchi kavu, kisha wanaikuta meli Colón. Kwa hiyo ukishuka, umekosa kuiona meli ikiteremka ngazi. Ukibaki, nchi ya Panama unaitazama kwa mbali tu.

Mzee wangu alikuwa fundi wa injini kwenye karakana ya reli hapa Kisumu na macho yake yako kwenye treni ya Colón hadi Panama City. Wameiandika dola 190 kwa mtu, yaani kama 24,500 zetu. Anasema reli yetu ilifika hapa ziwani Desemba 1901, wakati pakiitwa Port Florence, na ile ya kwao ilimalizika 1855, ikawa ya kwanza kuunganisha Atlantiki na Pasifiki. Hataki kufika pale aikose. Kuna pia safari ya mtumbwi kwenda kijiji cha Waemberá, wenyeji wa asili wa kule, juu ya mto Chagres, na nyingine ya kutazama malango mapya ya Agua Clara.

Goti langu la kushoto halipendi ngazi. Ningekuwa na miguu miwili mizima na pesa mara tatu ningechukua zote. Aliyewahi kupita huko aniambie kweli: siku ile nishuke au nibaki? Na Cartagena na Limón, tulipie matembezi ya meli au tuchukue teksi wenyewe?

BahariaWaUsenge

Mwalimu, hujambo mama. Mimi ni wa Usenge, nafanya kazi ya vyumba kwenye meli za kitalii, huu ni mkataba wangu wa saba. Panama nimepita zaidi ya mara kumi.

Kabla hujachagua lolote, uliza meli yenu inapita malango gani, kwa sababu kuna mawili upande ule. Malango ya zamani, ya 1914, vyumba vyake vina upana wa mita 33.5. Meli ya upana wa mita 32 inaingia humo na kila upande inabaki nafasi kama ya sentimita sabini. Ukuta unaupita ukiwa umesimama kwenye varanda na unaona ukungu wa kijani ulioota kwenye saruji. Meli kubwa zaidi haziingii hapo, zinapita Agua Clara, malango yaliyofunguliwa Juni 2016, yenye vyumba vya mita 55. Ni kazi mbili tofauti kabisa. Kule kwa zamani milango inafunguka kama ya kabati, vipande viwili vinakutana katikati, na meli inashikwa katikati ya chumba na vigari vya reli wanavyoviita baghala, vinatembea ukingoni sambamba nayo. Kule kupya mlango unateleza kutoka ubavuni, meli inaongozwa na tagi, yaani vyombo vya kuvuta meli, na pembeni kuna mabwawa yanayoyahifadhi maji, asilimia 60 yanatumika tena.

Kama meli yenu inapita malango ya zamani, sioni sababu ya kulipa uende kuyatazama kwa basi. Utakuwa ndani yake. Kama inapita Agua Clara, hapo ya zamani ndiyo utakayoyakosa.

Kuhusu kubaki melini. Amka saa kumi na moja, usingoje chai. Siku ya mfereji meli nyingi hufungua sitaha ya mbele kabisa, na watu wakijua wanajaa haraka. Ukiwa mbele wakati wa kupanda utaona jambo ambalo mimi kama mtoto wa ziwa lilinishika: mara zote nilizoangalia, kamba ya kwanza ililetwa na wanaume wawili ndani ya mtumbwi, wakipiga kasia, mbele ya meli ya tani maelfu. Wakati wa kushuka nenda nyuma. Njia ni mbili sambamba, na mara nyingi chumba cha jirani kina meli nyingine. Wewe unashuka, yeye anapanda. Hapo ndipo unaelewa maji yanafanya nini, kuliko kutazama meli yako mwenyewe.

Cartagena na Limón: matembezi ya kampuni ya meli ni ghali, lakini gari lao likiharibika njiani meli inawangoja. Ukienda na teksi yako ukachelewa, meli inaondoka, nimeshuhudia watu wakikimbia gatini na mifuko mikononi. Kanuni yangu ni hii: mahali pa dakika 20 kutoka bandarini nenda mwenyewe, mahali pa zaidi ya saa moja nenda na meli. Ila pale ziwani Gatun hakuna cha kwenda mwenyewe. Ni wenye tiketi ya matembezi ya meli tu wanaoteremshwa.

NesiKakamega

Mama, kabla ya yote, cheti cha homa ya manjano. Kenya iko kwenye orodha ya nchi zenye ugonjwa huo na Panama wanakitaka kwa anayetoka kwetu. Chanjo inahesabika baada ya siku kumi, kwa hiyo msingoje wiki ya mwisho. Ukidungwa mara moja cheti kinatosha maisha. Kibebe kile cha karatasi chenye mhuri, picha ya simu isiwe tegemeo. Na muulize binti kama viza zenu za Marekani ni za kuingia zaidi ya mara moja, maana meli inarudi Florida, na mkirudi mnaingia upya.

MamaWaNjoro

Dada Mwalimu, mimi nilipita njia hiyo na mwanangu anayekaa Texas, na niliteremka ziwani kwenda kwa Waemberá. Nitakueleza nilivyoona, wewe utapima na goti lako.

Unaingia mtumbwi mrefu wa mti uliochongwa, una injini nyuma, na mbele anasimama kijana na upondo anasoma kina cha maji. Ilikuwa kiangazi, kama utakavyokwenda wewe, na mto ulikuwa umepungua. Mara mbili mtumbwi ulikwama kwenye kokoto, vijana wakaruka kusukuma, na wanaume abiria wakashuka pia. Viatu vililowa mpaka kwenye kifundo. Kutoka mtoni hadi kijijini kuna mteremko wa udongo. Mimi nilishikwa mkono na msichana wa miaka kama kumi na miwili, hakunipa nafasi ya kukataa.

Nyumba zao ziko juu ya nguzo, paa la makuti, unapanda kwa gogo lililokatwa vidato. Hapo ndipo goti lako litasema hapana. Ila si lazima upande, chakula kililetwa chini: samaki wa kukaanga na ndizi mbichi zilizopondwa zikakaangwa, ndani ya jani lililokunjwa. Wanawake wanasuka vikapu kwa nyuzi za mti wa porini wa jamii ya mnazi, vimekazwa hivi kwamba waliniambia kizuri kinashika maji. Mama yangu alisuka viondo maisha yake yote pale Njoro, kwa hiyo niliketi chini na mama mmoja, hatuna lugha, nikamwonyesha kwa vidole sisi tunavyoanza kitako. Yeye akafumua safu mbili za kazi yake anionyeshe wao wanavyoanza. Saa nzima tukaimaliza hapo. Wenzangu walikuwa wanachezewa ngoma na kuchorwa mikono kwa rangi ya tunda la jagua, mimi sikuiona hata hiyo ngoma.

Sasa kweli yenyewe. Kama si yule mama, nisingesema ni siku njema. Tulikuwa watu zaidi ya 50, ngoma ilichezwa kwa saa, na tulipoondoka kundi jingine lilikuwa linateremka kutoka mtumbwini. Na jioni pale Colón waliobaki melini walikuwa wanaeleza malango yalivyofungwa nyuma yao, na mimi niliyesafiri kutoka Nakuru kuja kuuona mfereji nikawa nimeuona nusu. Mpaka leo hiyo nusu inanikereketa.

MkaaMbale

Mwalimu mwenzangu, nakusalimu kutoka Mbale, Vihiga. Nafundisha Kiswahili. Mfereji sitausema, nina jambo la Cartagena.

Yapata kilomita 50 kutoka mji huo kuna kijiji kinaitwa San Basilio de Palenque. Kilianzishwa na Waafrika waliotoroka utumwa katika bandari ile ile mtakayoteremka. Kiongozi wao anakumbukwa kwa jina la Benkos Biohó, Wahispania walimnyonga Cartagena mwaka 1621. Watu wa Palenque wangali wapo, na wana lugha yao, msingi wake Kihispania lakini ndani yake kuna Kikongo, lugha ya Kibantu kama Kiswahili. UNESCO waliutangaza utamaduni wao kuwa kazi bora ya urithi usioshikika wa binadamu mwaka 2005.

Sasa sikia maneno. Ng'ombe wanasema ngombe. Mtoto ni moná, ni mwana yule yule. Wakitaka wingi wanaweka ma mbele: ma moná, watoto. Karanga ni ngubá. Mwalimu, karne nne, ng'ambo ya bahari, na ngeli imekwenda nao! Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilisimamisha kipindi nikawaambia kidato cha tatu, ninyi mnaolalamikia ngeli za Kiswahili, kuna watu walinyang'anywa kila kitu wakabaki na hii ma-.

Kama nina siku moja tu Cartagena, nakwenda huko na si mahali pengine.

BahariaWaUsenge

Mkaa Mbale umenigusa, sikujua hayo, na Cartagena nimeshuka mara nyingi. Lakini Mwalimu, angalia saa. Meli nyingi zinakaa pale kuanzia asubuhi mpaka mchana tu. Palenque kwenda na kurudi ni saa tatu za barabara, toa muda wa kurudi melini kabla ya saa ya mwisho, hakibaki kitu. Kama iko kwenye orodha ya meli, chukua. Kama haipo, usithubutu na teksi.

Mji wa kale uko karibu na bandari, teksi inatosha. Kule utawaona akina mama wanaouza matunda kwa mabeseni kichwani, wamevaa magauni ya rangi kali. Wanaitwa palenqueras, asili yao ni kijiji hicho hicho. Watalii wanapiga nao picha kwa pesa wanaondoka. Wewe nunua embe uzungumze nao. Halafu ngome ya San Felipe ina mwinuko wa mawe na jua kali, goti likikataa itazame kutoka chini. Bandarini penyewe kuna bustani yenye flamingo na kasuku wakubwa, huhitaji hata kutoka nje ya geti.

Limón msilipe kitu kabla hamjatembea wenyewe. Mji uko mbele ya gati. Kuna bustani inaitwa Parque Vargas, na juu ya miti yake kuna slothi, mnyama anayening'inia kichwa chini na kusogea polepole mno. Tazameni juu tu, au muulizeni mwenye kibanda awaonyeshe kwa kidole. Watu wengi wa Limón mababu zao walitoka Jamaica kujenga reli ya kwenda San José, mzee atapenda kulisikia hilo, na wanapika wali na maharage kwa tui la nazi.

MwalimuWaKondele

Asanteni sana, kila mmoja. Nimewasomea wote kwa sauti hapa mezani, na mzee amenifanya nirudie sehemu ya baghala mara mbili.

Mkwe wangu ameangalia: meli yetu ina upana wa mita 32, tunapita malango ya 1914. Kwa hiyo Agua Clara nimeifuta. Waemberá pia nimeifuta, dada wa Njoro, na ni kwa sababu ya maneno yako ya mwisho zaidi kuliko goti. Siendi Panama kuuona mfereji nusu.

Kilichobaki kilikuwa treni, na hapo tumevutana siku mbili. Mzee alisema tukienda wote tutakaa pamoja, tukibaki wote tutakaa pamoja, hajasafiri miaka 34 na mimi kisha akaniacha peke yangu kwenye meli ya wageni. Mimi nikamwambia asinifanye sababu ya yeye kukosa reli. Saa moja tu ya treni, kilomita 76, kando ya ziwa. Nilimweleza kitu ambacho yeye mwenyewe hakukijua: ile reli ya 1855 sehemu yake kubwa haiko tena, iko chini ya maji. Walipoziba mto Chagres kwa bwawa, Ziwa Gatun likajaa, likameza vijiji pamoja na njia ya reli, ikabidi waijenge upya juu zaidi. Alinyamaza kidogo akauliza, daraja zake nazo ziko chini? Hapo nikajua anakwenda.

Mimi nitabaki, na nitawaambia kwa nini, maana baadhi yenu mtaona ni ajabu kulipiwa safari yote hiyo nisikanyage. Ziwa lile liko mita 26 juu ya bahari. Hakuna pampu inayoinua meli. Maji ya ziwa yanateremka yenyewe kwenye vyumba, meli inaelea nayo. Kila meli inayovuka inamwaga baharini kama lita milioni 200 za maji baridi, na ni ziwa hilo hilo linalowanywesha watu wa Panama City na Colón. Mwaka 2023 mvua zilipokosekana ikabidi wapunguze idadi ya meli kwa siku. Sisi tunaokaa ukingoni mwa ziwa tunalielewa hilo bila kuelezwa. Mwaka 2020 letu lilipanda mpaka likaingia kwenye nyumba za watu Dunga na Nyando, nikawaona wanafunzi wangu wakihama na magodoro kichwani. Nataka kusimama pale nyuma ya meli, Baharia, mahali uliponiambia, nitazame maji yakitoka chumba cha juu kwenda cha chini.

Na kuna jambo jingine ambalo sikuliandika mwanzoni. Nilikuwa nikimaliza kuchora ngazi zile, nawaambia watoto kuhusu waliokufa. Wafaransa walichimba kuanzia 1881 hadi 1889 na zaidi ya watu 20,000 walikufa, wengi kwa homa ya manjano na malaria. Hospitalini waliweka miguu ya vitanda ndani ya vibakuli vya maji kuzuia siafu, na mbu wakazaliana ndani ya vibakuli hivyo hivyo, chini ya wagonjwa. Wakati huo ilikuwa bado haijathibitishwa kwamba mbu ndio wanaoeneza homa hizo. Wamarekani walipochukua kazi walipambana na mbu kwanza, na hata hivyo rekodi zao zinaonyesha vifo 5,609. Wengi walikuwa watu weusi wa Barbados na Jamaica, waliolipwa kwa fedha ya silva wakati wazungu wakilipwa kwa dhahabu. Nimewazika wanafunzi wawili kwa malaria katika kazi yangu, mmoja akiwa kidato cha kwanza, alikuwa anakaa dawati la mbele. Kwa hiyo nikipita kwenye kuta zile nitataka kuwa kimya, si kwenye basi lenye kipaza sauti.

Cartagena: nimeandikia kampuni ya meli kuuliza kuhusu Palenque, kwenye orodha yao haimo. Wakisema hawaendi, tutachukua teksi mpaka mji wa kale. Mwalimu wa Mbale, mimi ni Mjaluo, maneno hayo si ya kwetu nyumbani, lakini nimeyaandika kwenye daftari: ngombe, moná, ma moná, ngubá. Nitamtafuta mama mmoja mwenye beseni, ninunue kwanza, halafu nimuulize polepole. Limón tutatembea kwa miguu hadi goti liseme basi.

Pesa imebaki zaidi ya nusu. Mzee anataka kununua darubini ndogo ili aniangalie kutoka dirishani mwa treni. Nimemwambia kama meli itakuwa bado ziwani wakati huo, nitasimama nyuma upande wa kulia na leso nyekundu. Baharia, niambie tu: meli ikigeuka mle ziwani, reli inakuwa upande gani wa meli?

Kesho asubuhi tunakwenda kudungwa sindano.